Jibu Liandikwe Kabla ya Programu

Katika kitivo chetu si ajabu tena kuona memuari ya isimu ikifuatana na programu ndogo ya kompyuta, ile tunayoiita ordinatere mtaani. Moja inagawa vitenzi vya Kiswahili katika mofimu, nyingine inatafuta wingi wa nomino, nyingine inahesabu maneno katika matini ya Lingala au inapanga kamusi ya Tshiluba kwa alfabeti. Siku ya utetezi mwandishi anaingiza neno moja au mawili, programu inajibu vizuri, jopo la watahini linaridhika, na alama zinatolewa. Swali ambalo tungeuliza mara moja kama angetuletea sarufi ya karatasi halisikiki: umeijaribu kwa data gani, na nani aliyesema kwamba majibu yake ni sahihi?

Maoni yangu ni kwamba programu ya lugha isiyo na majaribio yaliyoandikwa isipokelewe kama kazi ya isimu, kama vile sarufi isiyo na mifano isivyopokelewa. Tena majaribio hayo ni kazi yetu sisi watu wa lugha. Fundi wa kompyuta anaweza kutusaidia kuandika programu. Kujua wingi wa "chui" si kazi yake.

Niseme kwanza ninazungumzia programu za aina gani. Ni zile za mstari wa amri, zisizo na madirisha wala vitufe vya kubofya. Unaandika jina la programu, unaipa matini, nayo inakurudishia matini. Desturi hiyo ilikomaa katika mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 1973 Unix ilipata mabomba, wazo lililopiganiwa na Douglas McIlroy: tokeo la programu moja linaingia moja kwa moja katika programu inayofuata, bila mtu kunakili chochote. Kwetu programu za namna hii zinafaa kwa sababu za kawaida kabisa. Zinafanya kazi kwenye mashine ya zamani, hazihitaji intaneti, zinaingia katika flashi ndogo, na umeme ukikatika katikati ya kazi unaweza kurudia amri ileile baadaye na kupata jibu lilelile.

Kila programu ya aina hii ina njia tatu na namba moja. Kuna njia ya kuingizia matini, njia ya kutolea matokeo, na njia ya pembeni ya kutolea ujumbe wa makosa. Inapomaliza kazi huiachia mashine namba: sifuri ikiwa mambo yamekwenda vizuri, namba nyingine ikiwa kuna tatizo. Kwa kuwa kila kinachoingia na kila kinachotoka ni maandishi, kuijaribu ni rahisi. Unaandika faili moja ya maneno ya kuingiza, unaandika faili ya pili ya majibu unayotarajia, kisha unaiambia mashine ilinganishe.

Tuchukue programu ya kubuni inayoitwa wingi. Inapokea nomino katika umoja na kutoa wingi wake. Katika faili ya maneno naandika kitabu, chuo, chumba, chura, kiatu. Katika faili ya tarajio naandika vitabu, vyuo, vyumba, vyura, viatu. Kisha naandika amri mbili tu:

wingi < maneno.txt > tokeo.txt
diff tarajio.txt tokeo.txt

Amri ya kwanza inaipa programu maneno yangu na kuyahifadhi majibu yake. Ya pili inalinganisha majibu hayo na yale niliyoyaandika mimi. Programu ya diff, ambayo McIlroy pia alikuwa mmoja wa waliyoitengeneza na iliyotoka pamoja na Unix mwaka 1974, ikikuta faili mbili zinalingana hunyamaza na kurudisha sifuri. Zisipolingana huonyesha mistari inayotofautiana na kurudisha moja. Amri hizo mbili zikiwekwa katika faili moja, mtu yeyote anaweza kurudia jaribio lote kwa kuandika neno moja. Hiyo ndiyo maana ya jaribio la kujiendesha. Halihitaji mtu mwenye jicho kali kusoma orodha ya maneno 300 usiku, wala halichoki kwenye neno la 250.

Sasa tuone isimu inaingia wapi. Mwanafunzi anayeanza ataandika kanuni mbili: "ki" mwanzoni inakuwa "vi", na "ch" mbele ya irabu inakuwa "vy". Maneno yangu matano yanapita yote. Lakini mtu anayeijua lugha hataishia hapo. Ataongeza chui na chupa, ambazo hazibadiliki. Ataongeza chungwa na chozi, ambazo wingi wake ni machungwa na machozi. Ataongeza kima, mnyama ambaye hana uhusiano wowote na ngeli ya ki-vi ingawa jina lake linaanza na "ki". Ataongeza kaa, ambaye akiwa wa baharini anabaki kaa, na likiwa la moto linakuwa makaa, kwa hiyo jibu sahihi ni mistari miwili. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalohitaji ujuzi wa kompyuta. Yanahitaji ujuzi wa ngeli, na huo tunao.

Kuna pia kosa la pili, ambalo ni gumu zaidi kuliona kwa macho. Tuseme mwenzetu aliyesoma historia ya lugha anaamua kuisafisha programu. Anajua kwamba "ki" mbele ya irabu ndiyo iliyozaa "ch" katika chakula na chumba, na "vi" mbele ya irabu ndiyo iliyozaa "vy" katika vyakula na vyumba. Anaandika kanuni moja nzuri: kila "vi" mbele ya irabu igeuke "vy". Anajaribu chakula, inatoka vyakula. Anafurahi. Kumbe kiatu kimekuwa vyatu, kiazi kimekuwa vyazi, na kioo kimekuwa vyoo, neno ambalo lipo katika lugha lakini lina maana ya mahali pengine kabisa. Jana programu ilikuwa inajibu maneno hayo vizuri. Asiye na majaribio hatajua kwamba leo imeharibika, kwa sababu hatafikiria kuuliza tena swali ambalo lilishapata jibu. Mwenye majaribio ataliona kosa katika sekunde moja.

Jambo hili linaongezeka uzito kadiri programu inavyokua. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki, Finland, alieleza mofolojia ya ngazi mbili, namna ya kuandika kanuni za umbo la neno ili kompyuta iweze kuchambua na kuzalisha maneno kwa kanuni zilezile. Tangu 1985 Arvi Hurskainen, wa Chuo Kikuu cha Helsinki pia, aliijenga juu ya msingi huo kazi ya miaka mingi ya uchambuzi wa Kiswahili, iliyokuja kuitwa SALAMA. Katika mfumo wa namna hiyo kanuni zinashikana. Ukigusa moja kwa ajili ya kitenzi kimoja, unagusa maelfu ya maneno ambayo hukuyafikiria.

Kitenzi kidogo -la kinatosha kama mfano. "Amekula" kina "ku" inayobaki kwa sababu mzizi ni wa silabi moja. "Amekila" hakina "ku" hiyo, kwa sababu kiambishi cha yambwa kimechukua nafasi yake. "Hajala" pia hakina. Kisha urudi kwenye "amekula" na uone kwamba umbo lilelile linaweza kumaanisha amekula chakula, au amekula wewe, kama simba wa hadithi. Mchambuzi mzuri lazima atoe uchambuzi wa aina mbili kwa "amekula", na mmoja tu kwa "amekila". Kitabu cha sarufi kinaweza kulipitia jambo hili kwa kusema "mara nyingine ku hubaki". Faili ya majaribio haikuruhusu kusema "mara nyingine". Inakulazimisha kuandika ni lini.

Kwa hiyo nasema jibu liandikwe kabla ya programu. Najua kuna njia ya mkato, na inatumiwa sana: unaendesha programu, unachukua majibu yake, unayahifadhi kama tarajio, na kuanzia hapo kila kitu kinapita. Jaribio kama hilo lina faida moja tu, nayo ni kukuambia kwamba programu haijabadilika. Kuhusu lugha halisemi kitu. Ni sawa na kumwuliza mshitakiwa kama ana hatia, na kuliweka jibu lake katika faili kama ushahidi. Tarajio linapaswa kutoka kwa msemaji wa lugha, kwa kamusi, kwa matini zilizokusanywa uwanjani, kwa mabishano yetu darasani. Programu isome jibu hilo kama mwanafunzi anavyosahihishwa.

Yako pia majaribio ambayo hayahusu sarufi lakini yanaharibu kazi ya sarufi yasipofanywa. Nitataja manne.

La kwanza ni kiritahi cha ng'ombe. Neno hilo linaweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka au kwa ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kuulizwa. Programu nyingi za kuhesabu maneno zinaiona alama hiyo kama mpaka wa neno, na ng'ombe mmoja anakuwa maneno mawili: "ng" na "ombe". Mtu anayetafiti marudio ya maneno ataandika katika memuari yake kwamba Kiswahili kina neno "ombe". Jaribio la mistari miwili, moja kwa kila aina ya alama, linazuia aibu hiyo.

La pili ni toni. Katika Lingala, "á" ya ndáko inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja yenye alama yake, au kama "a" ikifuatwa na alama ya toni iliyo peke yake. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa diff ni vitu viwili, na ukitafuta moja hutaipata nyingine. Kwa "ɔ́" ya lɛlɔ́ hakuna hata uchaguzi: katika Unicode haina umbo la herufi moja, lazima iwe mbili. Programu inayohesabu herufi bila kujua hilo itasema lɛlɔ́ ina herufi tano. Unicode ina kanuni za kusawazisha maumbo haya, lakini programu haitazifuata mpaka mtu aiambie, na mtu hataiambia kama hajaona jaribio limeanguka.

La tatu ni mwisho wa mstari. Faili iliyoandikwa kwenye Windows huwa na herufi moja isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, ambayo faili za Linux hazina. Kanuni yako inayotazama irabu ya mwisho ya kitenzi itaikuta herufi hiyo badala ya "a", na kila neno litakataliwa. Katika kitivo ambamo kila mtu ana mashine yake na data inasafiri kwa flashi, hili si jambo la mbali.

La nne ni tabia ya programu inapopata taabu. Ukiipa faili tupu itafanya nini? Ukiipa neno la Kifaransa je? Ikikosa jibu, je, itasema "neno halijulikani" katika njia ya makosa, au itaandika ujumbe huo katikati ya matokeo? Ikifanya hivyo, na matokeo yakaingia kwa bomba katika programu ya kuhesabu, basi "halijulikani" litakuwa neno linalotumika sana kuliko yote katika matini yako. Na je, ilirudisha sifuri, kama vile kila kitu ni salama, huku nusu ya maneno ikiwa imepotea? Jaribio zuri linaangalia njia zote tatu na namba ya mwisho pia.

Labda wengine watasema mambo haya ni ya wahandisi. Historia yenyewe haikubaliani nao. Larry Wall, aliyetoa lugha ya programu ya Perl mwaka 1987, alisomea isimu pamoja na mke wake katika chuo kikuu cha Berkeley huko California, wakiwa na nia ya kwenda kuitungia mfumo wa maandishi lugha isiyoandikwa, pengine hapa Afrika. Afya haikumruhusu. Lakini Perl yake ya kwanza kabisa ilitoka na majaribio yake, na majaribio hayo yalijibu kwa namna ambayo bado inatumika leo: kila jaribio linaandika mstari mmoja, wa kukubali au wa kukataa, pamoja na namba yake. Mtu anausoma, na programu nyingine pia inaweza kuusoma.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni Hunspell, programu ya kukagua tahajia iliyoanzia katika mahitaji ya lugha ya Kihungari, lugha yenye viambishi vingi kama zetu. Leo iko ndani ya LibreOffice na Firefox. Ukifungua folda yake ya majaribio utakuta faili zinazokwenda mbilimbili: moja ina maneno ambayo lazima yakubaliwe, nyingine ina maneno ambayo lazima yakataliwe. Mwanaisimu yeyote atautambua utaratibu huo. Ni nyota yetu, ile tunayoiweka mbele ya sentensi isiyokubalika. Tumekuwa tukiandika majaribio miaka yote bila kuyaita hivyo, na tukayaacha yalale katika kurasa za memuari ambako hakuna mashine inayoweza kuyaendesha.

Hapa ndipo ninapoona jambo lenye uzito kuliko alama za utetezi. Faili mbili hizo, ya maneno mema na ya maneno mabaya, ndizo zinazoamua lugha ni ipi. Yule anayeziandika ndiye anayesema ni nani anayeandika vizuri na ni nani atakayepigiwa mstari mwekundu. Kikagua tahajia cha Kiswahili kikijengwa kwa Kiswahili sanifu peke yake, "batoto" kitakuwa kosa, na "katoto" na "tutoto" pia. Sisemi aliyekijenga ana nia mbaya. Aliandika majaribio kwa lugha anayoijua. Sisi hatukuandika yetu, kwa hiyo programu haikuwa na njia ya kujua kwamba tupo.

Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Haikutaja ni Kiswahili cha wapi. Mjadala huo tunao katika kila darasa la isimu jamii, na hatuumalizi. Majaribio hayataumaliza pia, lakini yatatulazimisha kuuandika waziwazi. Tunaweza kuwa na faili ya sanifu ambamo "batoto" imewekwa upande wa kukataliwa, na faili ya Lubumbashi au ya Bukavu ambamo neno hilohilo limewekwa upande wa kukubaliwa. Programu ipewe chaguo, na kila chaguo liwe na majaribio yake. Mwalimu wa shule ya msingi atachagua moja, mtafiti wa hadithi za mtaani atachagua nyingine, na hakuna atakayedanganywa.

Nakuja kwenye pingamizi, maana nimezisikia.

Pingamizi la kwanza ni kwamba lugha ni kitu hai, haiwezi kufungwa katika orodha. Ni kweli, na hakuna anayedai kuifunga. Mholanzi Edsger Dijkstra alikwisha kuwaonya wenzake, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini hayawezi kamwe kuonyesha kuwa halipo. Orodha ya maneno 200 haisemi kwamba programu inajua Kiswahili. Inasema kwamba inajua maneno hayo 200, leo, na kwamba ikiyasahau tutajua. Lugha ikibadilika, tunabadilisha mstari, na badiliko lenyewe linakuwa na tarehe na jina la aliyelifanya. Sarufi ngapi za karatasi zinatuambia hivyo?

Pingamizi la pili ni kwamba hili ni kuongeza mzigo kwa wanafunzi ambao tayari hawana mashine za kutosha. Naliheshimu pingamizi hili kuliko la kwanza, kwa sababu linatokana na hali tunayoishi. Lakini tuangalie mzigo wenyewe. Sehemu ngumu ya jaribio ni kuchagua maneno na kuandika majibu, na hiyo inafanyika kwa kalamu na daftari, chini ya mwembe, umeme ukiwepo au usiwepo. Wanafunzi watano wanaweza kubishana saa nzima juu ya wingi wa maneno 50 bila kugusa kompyuta. Kuyaingiza katika mashine ni kazi ya nusu saa. Na kwa asiyeandika programu kabisa, orodha hiyo peke yake tayari ni mchango: mwenzake wa mwaka ujao atakayetaka kuandika programu ataikuta kazi ngumu imeshafanywa.

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: majaribio yataonyesha udhaifu wa kazi zetu mbele ya watahini. Ndiyo, yataonyesha. Programu inayojibu vizuri maneno 140 kati ya 200, na mwandishi anayeweza kueleza kwa nini yale 60 yanashindikana, ni kazi ya isimu yenye thamani. Yale 60 ndiyo sura ya mwisho ya memuari. Programu inayojibu vizuri maneno mawili yaliyochaguliwa asubuhi ya utetezi haijatuambia chochote.

Wako pia wanaouliza ni nani atakayezitumia programu hizi, ikiwa hata zile zilizopo hazitumiki. Nadhani wamegusa sababu yenyewe. Programu ya mwanafunzi hufa siku anapohitimu, kwa sababu anayeirithi anaogopa kuigusa. Hajui ilikuwa inafanya nini, hajui akibadilisha mstari mmoja atavunja nini. Majaribio ni barua kutoka kwa aliyeondoka: maneno haya yalikuwa yanajibiwa hivi, na ukiyaona yamebadilika, simama. Mwenye barua hiyo anaweza kuendelea. Asiye nayo ataanza upya, na ndivyo tunavyofanya kila mwaka, tukigawa "anasoma" katika mofimu nne kana kwamba hakuna aliyewahi kuigawa.

Kwa walimu wetu, kwa heshima, naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. Kwanza, kila memuari yenye programu iwe na folda ya majaribio, yenye jozi za maneno zisizopungua 100, na angalau 20 kati yake ziwe za kukataliwa, zile zenye nyota. Pili, kila jozi ionyeshe jibu lilitoka wapi: msemaji, kamusi, au matini. Tatu, siku ya utetezi majaribio yaendeshwe kwa amri moja mbele ya jopo, na mtahini mmoja awe na haki ya kuongeza maneno matano yake mwenyewe papo hapo. Nne, folda ibaki katika maktaba ya idara baada ya mwandishi kuondoka, pamoja na programu, katika faili za maandishi ya kawaida ambazo mashine yoyote inaweza kuzisoma.

Kwa wanafunzi wenzangu naongeza desturi moja, ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Ukikuta programu imekosea neno, usikimbilie kuirekebisha. Andika kwanza neno hilo na jibu lake sahihi katika faili ya majaribio, liendeshe, lione likianguka. Ndipo urekebishe. Kwa njia hiyo kila kosa linaacha mstari mmoja nyuma yake, na halitarudi bila kuonekana.

Tunaweza kuanza muhula huu. Kila kikundi cha lugha kichukue nomino 100, kiandike umoja na wingi wake, kitie nyota panapostahili, na pale wanakikundi wasipokubaliana waandike majibu yote mawili na mji wa kila jibu. Lugha nne za taifa zitatupa mistari 400. Hakuna programu bado itakayoweza kuipita yote, na hilo si tatizo. Programu zitakuja baadaye, zetu au za watu wengine, na zitakapokuja zitakuta majibu yameshaandikwa na watu wanaozisema lugha hizo.